Hukumu ya Makofi

Kijiji chenyewe sikitaji. Kiko upande wa Kumsenga, wilaya ya Kibondo, watu wake bado wako hai na baadhi yao ni wakali. Atakayekitambua akitambue, atakayesema nimetia chumvi akaulize mwenyewe.

Kesi ya mpaka wa shamba huko ina utaratibu wake, na ni utaratibu mzuri kuliko mwingi niliouona mijini. Mtu anapopanda mnyaa wa mpaka huchimba shimo kwanza, akatia mkaa na vigae vya chungu kilichovunjika, akafukia, ndipo akapanda mnyaa wake juu. Mnyaa unaweza kung'olewa na mwenye tamaa, lakini mkaa hauozi. Kwa hiyo ugomvi ukizuka, wajumbe wa baraza la ardhi hubeba jembe, wakaenda shambani pamoja na majirani wa pande zote, wakachimba, wakaona kwa macho. Nusu saa tu. Baada ya hapo watu hunywa pombe ya ndizi kwa gharama ya aliyeshindwa.

Reverien Ndayikunda alipopeleka malalamiko yake mwezi wa nane, hakuwa na wasiwasi. Jirani yake, Tharsisi Nsengimana, alikuwa ameng'oa minyaa kumi na tisa na kulima hadi mtoni, ekari nzima ya bondeni. Hiyo ekari ndiyo iliyokuwa ikiilisha nyumba ya Reverien. Shamba lake la mlimani lilikuwa limechoka, linatoa mahindi ya kuchoma na lawama. Bondeni ndiko yalikotoka maharage ya kiangazi, maharage yanayouzwa wakati wengine hawana, na humo ndimo mlimotoka ada ya binti yake Uwimana mpaka akamaliza kidato cha nne, bati la nyumba, na dawa za kifua cha mkewe Esteri. Ukiliondoa bonde, watu watatu wanabaki na mlima wa mawe.

"Tutachimba, tutaona," alimwambia mkewe. "Mkaa wa baba upo pale pale."

Lakini ofisi ya kijiji ilikuwa imeezuliwa paa na upepo tangu mwezi wa nne, na Hamis Saady, mwenye duka na banda la video, akalitoa banda lake bure ili baraza likae kivulini. Banda lina viti, lina spika mbili kubwa, lina kipaza sauti. Hamis ni mfanyabiashara. Alijua watu watakuja, na watu wakija hununua soda na karanga.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika, na sitalaumu paa.

Kila Jumapili jioni, kwa misimu mitatu mfululizo, kijiji kile kilikuwa kikijaa kwenye banda la Hamis kutazama shindano la kuimba liitwalo Kinara wa Sauti. Sina ugomvi na nyimbo. Ugomvi wangu ni na zile dakika tatu kabla ya wimbo, pale mshiriki anapoeleza jinsi alivyolala njaa, jinsi baba alivyomkana, huku kinanda kinalia taratibu. Watu wakazoea. Wakazoea kumpima mtu kwa dakika tatu na kumtolea hukumu wakitafuna karanga. Bwana shamba alipokuja kuwaonya kuhusu mbegu mbovu za maharage, akaongea kwa sauti yake ile ya usingizi, walimwonyesha dole gumba chini. Wiki iliyofuata akaja muuza mbolea anayecheza muziki juu ya pikipiki, wakanunua kwake mifuko arobaini. Ilikuwa ni vumbi la barabara. Hata waliotapeliwa walisema, "Lakini jamaa alijua kutuchangamsha."

Esteri alikuwa bingwa wao. Mshiriki alikuwa hajafungua kinywa, yeye ameshasema: "Huyu hatoboi, hana stori." Na kweli hatoboi. Alikuwa akituma kura kwa simu mpaka salio linakwisha, akirudi nyumbani macho mekundu kwa kuwalilia watoto wa watu wa Mbeya na Tanga asiowajua. Mumewe alikuwa akimcheka. Asingemcheka kama angejua.

Siku ya kesi, saa tatu asubuhi, banda lilikuwa limejaa hadi mlangoni. Hamis alikuwa ameweka meza mbele na kuitandika kitambaa chekundu. Katikati alikaa mwenyekiti, Mzee Havyarimana, katekista mstaafu, mtu wa haki kwa kawaida, ila mwenye ugonjwa wa kupenda kupendwa. Kulia kwake alikaa Bi Kudra, mwenye mashine ya kusaga, mjumbe kwa miaka saba. Wajumbe wengine watano walibanana pembeni. Uwimana alisimama ukutani na simu yake, akirekodi.

"Mlalamikaji," mwenyekiti alisema, akashtuka kusikia sauti yake inavyonguruma kwenye spika, akatabasamu. "Mlalamikaji, jukwaa ni lako."

Reverien alikipokea kipaza sauti akakishika mbali na mwili, kama mtu aliyepewa kuku anayeharisha.

"Naitwa Reverien Ndayikunda. Shamba alipewa baba yangu na serikali ya kijiji mwaka themanini na tatu. Mpaka ulipandwa mwezi wa tisa mwaka huo. Walioshuhudia ni watu wanne. Wawili wamefariki, wawili wako hapa. Kutoka mtoni mpaka kwenye mpaka ni hatua mia moja arobaini na mbili. Minyaa ilikuwa kumi na tisa. Chini ya kila mnyaa pana mkaa na vigae. Naomba baraza likachimbe."

Akanyamaza. Alikuwa amemaliza. Alikuwa ameyapanga maneno hayo kwa wiki mbili akilima, na hakuna neno moja humo lililokuwa la uongo.

"Anaita mahudhurio huyu!" mtu akapaza sauti kutoka nyuma, banda likacheka.

"Mzee Ndayikunda," akauliza kijana mmoja kwa upole kabisa, "lakini wewe unajisikiaje?"

"Najisikiaje nini?"

"Kuhusu shamba."

Reverien alifikiri. Alikuwa mtu wa kufikiri kabla ya kujibu, tabia ambayo zamani ilimpa heshima.

"Nataka nirudishiwe," alisema.

Wakacheka tena. Esteri, aliyekuwa kwenye benchi la tatu, aliona aibu ikimpanda usoni. Na nitasema kweli yote: hakumwonea aibu Tharsisi kwa kuiba. Alimwonea aibu mumewe kwa kutojua kuongea.

Kisha akaitwa Tharsisi. Alikuwa na miaka minne tu pale kijijini, alitokea Kasulu, mtu mrefu, shati jeupe limepigwa pasi. Hakuharakisha. Alifika mbele, akakipokea kipaza sauti kwa mikono miwili, akafumba macho. Banda lote likatulia.

"Mama," alisema. Akanyamaza.

"Pole!" sauti ya mwanamke ikasikika.

"Mama yangu alizaliwa bondeni pale. Kitovu chake kimezikwa pale. Mwaka jana, mwezi wa kumi na moja, alinishika mkono huu, akaniambia: Tharsisi, mwana wanje, mwanangu, usiniache nizikwe ugenini." Alimeza mate. "Sikuwa na nauli ya kumleta. Nimemzika Kasulu, kwa mikono yangu hii, kwenye udongo wa watu." Akashusha kipaza sauti. Moyoni alihesabu moja, mbili, tatu, nne. "Mimi sitaki shamba, ndugu zangu. Nataka mahali pa kusimama nimwambie mama, tumefika nyumbani."

Ikawa kilio. Wanawake walifunika nyuso kwa vitenge, wanaume walikohoa na kutazama dari. Hamis mwenyewe alijifuta kwa kitambaa cha kufutia chupa. Makofi yalianzia nyuma yakaja mbele, watu wakasimama, na Esteri akasimama nao, machozi yanamtiririka hadi kidevuni, anapiga makofi kwa nguvu mpaka viganja vinawaka.

Bi Kudra alisubiri makelele yapungue.

"Tumesikia," alisema. "Mungu amrehemu marehemu. Sasa tuchukue jembe twende."

"Aaaa!" banda likaguna.

"Jaji mkali huyo!"

"Bi Kudra huna moyo!"

"Moyo ninao," alisema Bi Kudra. "Mimi simhukumu mama wa mtu. Nauliza mkaa upo au haupo. Ni nusu saa tu, jamani."

Mzee Havyarimana alitazama nje. Jua lilikuwa limekwishawaka, na bonde liko mbali, na watu walikuwa wanamtazama kwa macho yenye machozi na matumaini. Kwa miaka yote ya ukatekista hawakuwahi kumtazama hivyo.

"Wananchi," aliuliza, "mnasemaje?"

"Kura! Kura! Wengi wape!"

Sheria haina kura hiyo. Baraza lipo ili lisuluhishe, na wajumbe ni saba. Lakini mikono ilikuwa imekwishapanda. Ya Reverien, ilipanda mikono tisa. Ya Tharsisi, ilipanda isiyohesabika, na mmoja kati yake, kwenye benchi la tatu, ulifika usawa wa sikio kabla Esteri hajakumbuka yeye ni mke wa nani. Akaugeuza akajifanya anajikuna kilemba. Simu ya Uwimana ilikuwa imeshaunasa.

"Kumbatia mshindi!" watu walianza kuimba. "Kumbatia mshindi!"

Maana kwenye kipindi ndivyo ilivyo: anayetolewa humkumbatia anayebaki, hutabasamu, hushukuru. Asiyefanya hivyo kesho yake husemwa nchi nzima. Reverien alibaki ameketi. Esteri akapenya hadi kwake, akamwinamia sikioni.

"Nenda, baba Uwimana. Usituaibishe. Watasema tuna roho mbaya."

Akaenda. Alikumbatiwa na mtu aliyemwibia, akanusa marashi ya shingoni mwake, akasikia makofi. Karatasi ya muafaka ikaletwa juu ya kitambaa chekundu, kalamu ikatiwa mkononi mwake, na kwa kuwa watu walikuwa bado wanapiga makofi, akasaini.

Mchana Esteri alipakua ugali, mumewe hakuunawia. Alikaa kwenye kigoda mlangoni, mkewe akaanza kupepeta maharage ili mikono isikae bure.

"Mama yake Tharsisi anaitwa nani?" Reverien aliuliza.

"Mpawenimana."

"Unamfahamu."

"Namfahamu. Anauza mawese sokoni Kasulu."

"Anauza, au alikuwa anauza?"

Ungo ukasimama.

"Nilinunua kwake mwezi wa sita," alisema polepole. "Mwaka huu. Alinipa na nyongeza. Alinituma salamu kwa mwanawe, na nilizifikisha."

"Na amezikwa mwezi wa kumi na moja mwaka jana."

Esteri aliuweka ungo chini.

"Ulikuwa unajua," mumewe alisema. Hakupaza sauti, na afadhali angepaza. "Umeketi pale unajua yule mama ni mzima, na umelia."

"Nilikuwa najua. Sijui nikuambie nini, baba Uwimana. Ilikuwa imefika mahali pa kulia. Kila mtu alikuwa analia. Sikuwaza."

"Hata kama ni shamba letu?"

"Sikuwaza!" Esteri alipiga kelele, akaangua kilio, na mara hii kilikuwa kilio kibaya, cha kamasi na kwikwi, kisichomfaa mtu yeyote kwenye televisheni.

Uwimana alikuwa amesimama kwenye kona ya nyumba akitazama simu. Watu walikuwa wameshatumiana ile video mpaka Mabamba.

"Baba," alisema, kwa nia njema kabisa, "na wewe ulikosea kuanza na namba. Ungeanza na babu alivyokimbia vita na mtoto mgongoni. Watu wangekuelewa."

Baba yake alimtazama binti aliyemsomesha kwa maharage ya bondeni. Akainuka akaenda kutafuta jembe.

Alichimba mashimo matatu. La kwanza mkaa ulionekana baada ya mapigo kumi, mweusi, mkavu, na kigae chenye mistari ya chungu cha mama yake. La pili hivyo hivyo. La tatu hakulimaliza. Tharsisi alikuwa amesimama juu ya kilima akimtazama, hata hakushuka kumzuia. Mtu aliyeshinda hababaiki.

Asubuhi Reverien alimpelekea Mzee Havyarimana ndoo ya mkaa na vigae. Mwenyekiti alichungulia ndani, akaguna, akamkaribisha kiti.

"Sasa Ndayikunda, haya mambo mbona hukuyasema jana?"

"Niliyasema. Ndiyo niliyoyasema."

Mwenyekiti alikuna kidevu. "Ni kweli ulisema. Ila hayakutugusa. Unajua unaweza kusema jambo na lisifike."

"Mwenyekiti, mkaa unakugusa nini? Mkaa upo au haupo."

"Unaongea kama Bi Kudra." Aliisukuma ndoo kidogo kwa mguu. "Na umesaini. Muafaka ukishasainiwa, mimi sina mkono tena. Labda," na hapa uso wa mzee ulionyesha kwamba usiku hakulala vizuri, "labda ionekane mtu alidanganya baraza. Hapo muafaka unavunjika. Nimesikia maneno kuhusu yule mama. Kama ni mzima, mlete. Asimame mbele za watu waone. Nitaita kikao Jumanne."

Nauli ya Kasulu ilitoka kwenye maharage ya mbegu. Esteri aliyapima mwenyewe, madebe mawili yaliyotunzwa kwenye majivu tangu mavuno, akayauza dukani kwa Hamis. Hamis aliyashika, akayaona yalivyo mazuri.

"Mbegu hizi, shemeji. Mnauza mbegu?"

"Tutazipanda wapi?" Esteri alisema.

Hamis alikuwa ana huruma ya biashara. Alipunguza bei kwa sababu ni mbegu zenye majivu, akampa na soda ya bure.

Sokoni Kasulu mama Mpawenimana alikuwa mahali pake pale pale, nyuma ya madumu mekundu ya mawese, kanga kiunoni, mkono unapima huku mdomo unabishana na mteja. Esteri alisimama akimtazama kwa muda. Alikuwa amemlilia mtu huyu.

"Bwakeye, mama."

"Bwakeye neza, mwana wanje. Wewe si wa Kibondo? Salamu zangu zilifika?"

"Zilifika, mama. Nimekuja na jambo. Ukae kwanza."

"Nimekaa."

Esteri hakuweza kulisema. Akatoa simu ya Uwimana, akawasha video, akamshikia. Mama Mpawenimana aliitazama simu kwa jicho moja, kisha kwa mawili. Aliposikia sauti ya mwanawe alitabasamu. "Tharsisi huyo! Shati gani hilo!" Kisha akasikia kuhusu mkono ulioshikwa, na nauli iliyokosekana, na udongo wa watu. Machozi yakaanza kumtoka. Alitazama mpaka mwisho, mpaka makofi, akajifuta kwa pindo la kanga.

"Anajua kuongea, mwanangu," alisema. Ndipo ikamfikia. "Amemzika nani?"

"Wewe, mama."

"Mimi?"

"Wewe."

Mteja aliyekuwa anasubiri mawese aliweka chupa yake chini.

"Miaka minne hajaja," mama Mpawenimana alisema. "Nilisema ana kazi. Nilisema barabara. Kumbe mimi ni marehemu." Alicheka kwa uchungu, akapiga dumu kofi. "Na mimi sikuzaliwa huko kwenu. Kwetu ni Munanila. Bonde lenu silijui hata kwa ndoto. Hilo baraza lenu linakaa tena lini? Twende. Nitamwuliza mbele zenu wote kwa nini ameniua."

Njiani Esteri alimshika yule mama mkono kama anayebeba mayai. Njia ya mwongo ni fupi, alijiambia, na kwa mara ya kwanza tangu kesi alipata usingizi kidogo. Aliyeitunga methali hiyo hakuwahi kufika kwenye banda la Hamis.

Jumanne watu walizidi wa mara ya kwanza. Tharsisi alikuwa mbele na shati lake jeupe. Alikuwa ameambiwa tu kwamba Ndayikunda ana lalamiko jingine, na alikuwa amejiandaa kusamehe. Reverien alikaa benchi la mbele, ndoo yake kati ya magoti. Mwenyekiti alisimama.

"Baraza limeletewa shahidi," alisema, akaashiria mlangoni.

Esteri akaingia na mama Mpawenimana.

Waliomfahamu walishika midomo. Minong'ono ilipita benchi kwa benchi: ni yeye, ndiye, wa mawese. Tharsisi aligeuka akamwona. Shavu lake lilicheza, mkono ukatafuta ukuta. Kwa muda wa pumzi tatu kila mtu mle ndani alijua kwamba walidanganywa, na kesi ilikuwa imekwisha. Bi Kudra alikuwa ameshaivuta karatasi ya muafaka mbele yake.

Kisha Tharsisi akaanguka magotini.

"Mama!" alilia. "Mama wee! Waliniambia umekufa!"

Mwanamke mmoja alipiga yowe kutoka nyuma. Kwenye kile kipindi kuna siku moja kila msimu ambapo mama wa mshiriki hutolewa nyuma ya pazia bila mwenyewe kujua, na hiyo ndiyo siku wanayolia kuliko zote. Kijiji kilijua la kufanya. Watu walisimama juu ya mabenchi, vigelegele vikapaa, simu zikainuliwa. Na Hamis, ambaye ni mfanyabiashara, akawasha kinanda kwenye spika.

"Nani alikuambia?" mama Mpawenimana alisema. "Tharsisi, nani alikuambia? Ulisema umenizika kwa mikono yako!" Alimpiga bega, kofi la kweli la mama, na watu wakashangilia kofi lenyewe. "Mimi ni wa Munanila! Waambie! Waambie mimi ni wa Munanila!"

Lakini kipaza sauti kilikuwa mezani, na kinanda kilikuwa kinalia. Benchi la mbele peke yake ndilo lililosikia. Tharsisi alimshika miguu, akalilaza paji la uso pale, na mabega yake yalikuwa yanatetemeka. Sijui kama alikuwa anaigiza. Nadhani hata yeye alikuwa hajui tena. Mkono wa mama yake ulikuwa bado juu ukitafuta kofi la pili, ukashuka, ukagusa kichwa. Miaka minne.

"Umekonda," alimwambia. "Mwana wanje, mbona umekonda hivi?" Akalia.

"Mwenyekiti!" Bi Kudra alisimama. "Na shamba? Alisema alizika! Ameliambia baraza amezika!"

Mzee Havyarimana alikuwa amevua miwani anaifuta. "Bi Kudra, leo tusiharibu."

"Lini, basi?"

"Siku nyingine. Mtu amempata mama yake, jamani."

"Mama apewe shamba lake!" mtu akapaza sauti, na banda likaipokea, "Mama apewe shamba lake! Mama apewe shamba lake!" na mwenyekiti, akiona nyuso zile zote zimemgeukia, akainua ule muafaka juu ili wauone, ukiwa mzima na sahihi ya Reverien chini. Bi Kudra alichukua kilemba chake akatoka nje.

Esteri alipiga kelele. Alisema, "Amewadanganya! Mliona wenyewe! Amewadanganya!" Alisema hivyo mara tatu au nne. Macho yake yalikuwa makavu kabisa, uso umekaza, sauti inakwaruza, na waliomsikia waliona ni wivu wa mtu aliyetolewa.

Reverien alikuwa bado kwenye benchi la mbele. Aliitazama ndoo. Alikuwa mtu aliyezika baba na mama bila kutoa chozi, kwa kuwa kulikuwa na kaburi la kuchimba na watu wa kulisha. Sasa hakukuwa na la kuchimba. Midomo ilianza kumtetemeka, akajaribu kuizuia kwa kiganja, haikuzuilika, na akalia pale pale mbele ya watu, mdomo wazi, kama mtoto.

"Mwoneni Ndayikunda!" sauti ya mwanamke ikasikika, nyororo kwa furaha. "Hata Ndayikunda kaguswa!"

Wakamgeukia. Banda zima likamgeukia, nyuso zinang'aa machozi, na wakampigia makofi. Walimpigia kwa nguvu kuliko walivyompigia Tharsisi, kwa kuwa hakuna wanayempenda kama aliyeshindwa akalia vizuri. Esteri alimrukia mwanamke aliyekuwa karibu naye, akaikamata mikono yake miwili isigongane, akaishikilia kwa nguvu zake zote. Yule mwanamke alidhani anataka faraja, akajinasua, akamkumbatia.